Robert Koch: Daktari wa Ocha Aliyeanza Kuwinda Vijidudu Kwenye Kona ya Chumba

Kama umesomea udaktari ama sayansi yoyote ya maabara hapa Kenya, kuna kipindi unakijua vizuri sana. Umemaliza chuo, cheti kiko ndani ya bahasha ya kaki, watu wa ocha wanakuita daktari, lakini mfukoni ni noma. Unatamani kufanya utafiti wa magonjwa, mambo ya vijidudu na chanjo, lakini maabara zenye vifaa ni za wenyewe na huko hakuna anayekujua. Unashika kazi yoyote inayopatikana, unahamishwa huku na kule, na ile ndoto unaiweka kando kwanza.

Basi kaa hapo nikupe stori ya msee mmoja aliyekwama kwenye kipindi hicho kwa miaka 14. Anaitwa Robert Koch. Kama umewahi kukohoa wiki mbili mfululizo, ukapewa kikopo uteme makohozi yakapimwe TB, basi kazi yake imekugusa.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Mbuyu wake alikuwa mtu wa migodi, na kwao walizaliwa watoto 13. Hesabu hiyo chakula na karo. Bahati yake ilikuwa mjomba mmoja upande wa mama, Eduard Biewend, aliyependa kupiga picha enzi zile kamera ilikuwa kitu cha ajabu. Huyo mjomba alimfunza kijana kutazama mimea, wadudu na mawe, na pia kupiga picha. Hiyo ya picha usiisahau, tutaihitaji.

Mwaka wa 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Hapo alikutana na mwalimu anaitwa Jacob Henle, ambaye miaka mingi nyuma, 1840, alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza yanasababishwa na viumbe hai wadogo wasioonekana. Wakati huo madaktari wengi waliamini magonjwa yanaletwa na hewa chafu, ile harufu ya mitaro na mizoga. Henle hakuwa na ushahidi, alikuwa na wazo tu. Koch kama mwanafunzi hakufanya kazi yoyote ya vijidudu pale. Alishinda tuzo ya chuo kwa utafiti wa neva za mji wa mimba. Halafu kwa utafiti wa kuhitimu alitaka kujua mwili unafanya nini na mafuta, kwa hivyo akajigeuza panya wa majaribio, akala nusu ratili ya siagi kwa siku. Siagi bila mkate wa maana, manze. Tumbo lilimkataa baada ya siku chache, lakini alihitimu 1866 na alama za juu kabisa.

Sasa hapo ndipo hustle ilianza. Aliingia hospitali kubwa ya Hamburg mwaka huohuo na kukuta kipindupindu kimechachamaa mjini. Akaona watu wakifa mbele yake, akatazama vitu walivyotapika kwenye hadubini, na hakuweza kusema ni nini kinawaua. Ndoto yake ilikuwa kuwa daktari wa meli azunguke dunia. Lakini alikuwa na dem, Emmy Fraatz, na Emmy hakutaka kabisa kusikia habari za meli. Walioana 1867, mtoto wao Gertrud akazaliwa mwaka uliofuata, na ndoto ya bahari ikaenda hivyo.

Akashika kazi Langenhagen kwenye taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili. Pesa ikapunguzwa, akatoka. Akafungua kliniki Niemegk. Wagonjwa hawakuja, akafunga. Akaenda Rakwitz, huko mashariki, eneo ambalo leo liko Poland, na angalau hapo alipata wateja. Akiwa ndio ameanza kupumua, vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vikaja, naye akajitolea kuwa daktari wa jeshi ingawa macho yake hayakuona mbali. Huko alitibu homa ya matumbo na vidonda vya risasi vilivyooza. Ukihesabu, huyu ni jamaa wa miaka 28 aliyebadilisha kazi kama nguo, bila hata karatasi moja ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza.

Mwaka wa 1872 akapata kazi ya serikali, daktari wa wilaya ya Wöllstein. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Wolsztyn. Ni ocha kabisa. Kazi yake ilikuwa kuchanja watoto dhidi ya ndui, kuandika vyeti vya vifo, kuamka usiku kuzalisha, na kwenda vijijini kwa gari la farasi. Hakukuwa na chuo karibu, maktaba, wala mtu wa kubishana naye mambo ya sayansi. Stori inayosimuliwa sana ni kwamba Emmy aliweka akiba kidogo kidogo akamsaidia kupata hadubini. Koch alichukua kipande cha chumba chake cha kuonea wagonjwa, akakitenga, na hiyo ndiyo ikawa maabara. Upande mmoja mgonjwa anasubiri dawa ya kikohozi, upande wa pili daktari anachungulia damu ya kondoo.

Kwa nini kondoo? Kwa sababu eneo lile lilikuwa linasumbuliwa na kimeta. Huu ni ugonjwa unaoangusha ng'ombe na kondoo ghafla, asubuhi mnyama anakula nyasi na jioni ni mzoga, damu yake imekuwa nyeusi kama lami. Wafugaji na wachinjaji pia walikufa nao. Watafiti kadhaa kabla ya Koch walikuwa wameona vijiti vidogo kwenye damu ya wanyama hao, lakini hakuna aliyejua kama vijiti hivyo ndivyo vinaua ama vinatokea tu baada ya mnyama kuumwa. Na kulikuwa na swali lililowachanganya hata zaidi: kwa nini kuna malisho fulani ambayo yanaua ng'ombe mwaka baada ya mwaka, hata yakikaa bila mifugo muda mrefu?

Sasa angalia vifaa alivyotumia. Hakuwa na sindano za kudungia panya, kwa hivyo alichonga vijiti vya mbao, akavichoma kuua uchafu wote, akavichovya kwenye damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, kisha akavipenyeza kwenye mkato mdogo karibu na mkia wa panya. Panya alikufa. Akatoa damu kwa huyo, akaweka kwa mwingine. Naye akafa. Akaendelea hivyo panya kwa panya, karibu mara ishirini, na kila mara vijiti vilekuwepo. Akajaribu na damu ya mnyama mzima, na panya wakabaki wakicheza.

Hapo wengi wangeandika ripoti na kuitisha makofi. Koch alijiuliza swali gumu: je, kama ni kitu kingine ndani ya damu, na si vijiti? Ilibidi avioteshe mbali na damu. Akachukua maji safi yaliyo ndani ya jicho la ng'ombe aliyechinjwa, akaweka tone kwenye kioo, akatia chembe ya wengu wenye vijiti, akaliweka mahali penye joto la taa ya mafuta, na kuketi akitazama. Ndiyo, kuketi, masaa kwa masaa, katikati ya kuitwa kwenda kuzalisha na kung'oa meno. Aliona vile vijiti vikirefuka vikawa kama nyuzi ndefu, halafu ndani ya nyuzi zikajitokeza nukta zinazong'aa. Alikausha zile nukta. Zikakaa. Akaziloanisha tena, na vijiti vikazaliwa upya.

Hizo nukta tunaziita spora, na hapo ndipo swali la malisho lilijibiwa. Mnyama akizikwa juu juu ama akiachwa aoze, spora zinalala kwenye udongo miaka na miaka zikingoja ng'ombe mwingine. Ndiyo maana ukisikia huko kwenu ng'ombe ameanguka tu akafa na majirani wanagawana nyama kwa bei ya kutupa, tafadhali kaa mbali na hiyo sufuria. Si ubahili, ni Koch.

Tarehe 22 Aprili 1876 alimwandikia barua Ferdinand Cohn, profesa mkubwa wa mimea na bakteria katika chuo cha Breslau. Hebu vaa viatu vya Cohn. Wewe ni mtaalamu, kila wiki unapata barua kutoka kwa watu usiowajua wakidai wamegundua siri ya ugonjwa. Leo ni daktari wa kijijini ambaye hajawahi kuandika chochote kuhusu bakteria. Lakini Cohn alimkaribisha. Koch akapanda treni na hadubini yake, vifaa vyake na wanyama wake, na kuanzia tarehe 30 Aprili, kwa siku tatu, akarudia majaribio yote mbele ya macho yao. Hakuna maneno mengi, ni kuonyesha tu. Cohn alielewa haraka kuwa huyu si mchezo. Mwenzake Julius Cohnheim, bingwa wa patholojia, alirudi kwa wasaidizi wake akawaambia waache kila kitu walichokuwa wakifanya waende wakaone. Mwaka huohuo Cohn alichapisha kazi hiyo katika jarida lake.

Ungedhani kesho yake angepewa ofisi na mshahara mnono. Wapi! Koch alirudi Wöllstein kwa wagonjwa wake na kukaa miaka mingine minne. Cohn na Cohnheim walijaribu kumtafutia nafasi, mambo yakakwama. Mwaka wa 1879 alihamia Breslau kama daktari wa mji, pesa haikutosha hata kulisha familia, na baada ya miezi michache akafunga virago akarudi ocha. Rudolf Virchow, mkubwa wa udaktari wa Ujerumani wakati huo, alimpokea kwa baridi.

Lakini miaka hiyo minne hakuipoteza. Kumbuka mjomba na kamera. Watafiti walikuwa wanachora vijidudu kwa mkono, kila mtu na mchoro wake, na ubishi hauishi. Koch aliunganisha kamera na hadubini, na 1877 akachapisha picha za bakteria. Sasa hubishani na mchoro wa mtu, unaona mwenyewe. Akapaka bakteria rangi waonekane vizuri, na 1878 akatoa kitabu kuhusu maambukizi ya vidonda. Hiki ndicho kilimfungulia mlango. Mwaka wa 1880, akiwa na miaka 36, akaitwa Berlin kwenye Ofisi ya Afya ya Dola, akapewa maabara halisi na vijana wawili wakali, Friedrich Loeffler na Georg Gaffky.

Tatizo lililofuata lilikuwa la usafi. Ukiotesha bakteria kwenye supu, aina zote zinachanganyika kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Koch aliona kwenye kipande cha kiazi kilichopikwa kwamba kila kidoa cha rangi kilikuwa familia moja ya bakteria. Akajaribu gelatini, lakini ilikuwa inayeyuka kwa joto. Aliyeokoa jahazi ni Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti Walther Hesse aliyekuwa kwa ile maabara. Fanny alikuwa anatengeneza jeli jikoni kwa kutumia aga, unga wa mwani wa baharini, ujuzi uliotoka kwa watu waliowahi kuishi Java. Aga haiyeyuki kirahisi. Hadi leo kila maabara ya hospitali inaoteshea bakteria kwenye aga, na Koch alipoitaja mara ya kwanza hakumtaja Fanny hata kidogo. Mimi hiyo naiona si poa.

Agosti 1881 akajifungia na adui mkubwa, kifua kikuu. Kwa hesabu zilizotumika wakati huo, mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa aliuawa nacho, na wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi ama wa umaskini tu. Kijidudu chake hakikubali rangi za kawaida, na kikioteshwa kinachukua wiki kadhaa kuonekana. Bakteria wengine wanaota kwa siku moja mbili, kwa hivyo watu waliojaribu walitupa sahani zao mapema. Koch alikuwa ameshafunzwa kungoja kule Wöllstein. Aliacha vipande vya tishu kwenye rangi ya bluu siku nzima, akaweka ya kahawia juu, na vijiti vyembamba vya bluu vikajitokeza. Akavioteshea kwenye majimaji ya damu yaliyogandishwa, akawapa wanyama, na wakaugua TB.

Tarehe 24 Machi 1882, kwenye mkutano mdogo wa wanasayansi Berlin, alipanga sampuli zaidi ya mia mbili mezani na kusoma ripoti yake taratibu. Hakuwa mzungumzaji mzuri. Alipomaliza ukumbi ulinyamaza, hakuna swali, hakuna makofi. Watu waliinuka kwenda kuchungulia hadubini. Paul Ehrlich, daktari kijana aliyekuwa hapo, alienda kutafuta njia bora ya kupaka ile rangi na akaipata. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya TB Duniani.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Kulikuwa na bifu yake na Mfaransa Louis Pasteur, yenye sumu ya vita vya 1870 ndani yake. Mwaka wa 1882 kule Geneva Pasteur alitaja mkusanyiko wa maandishi ya Wajerumani, mtu aliyemtafsiria Koch akasikia ni kiburi cha Wajerumani, na Koch akawaka. Kosa la neno moja! Mwaka wa 1883 alienda Misri kufuata kipindupindu, kisha Calcutta, India, ambako alikiotesha kijidudu chake. Miaka 17 baada ya Hamburg, alipata jibu.

Sasa shika hapa, kwa sababu stori hii haiishi vile mabango yanavyoiisha. Agosti 1890, mbele ya kongamano kubwa la madaktari Berlin, Koch alitangaza kuwa amepata kitu kinachozuia TB. Alijidunga mwenyewe akashikwa na homa kali. Lakini dawa hiyo, tubakulini, alikataa kueleza imetengenezwa na nini, na alitarajia kuingiza pesa nyingi kupitia kwayo. Wagonjwa wakafurika Berlin kutoka Ulaya yote. Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, naye alikuwa daktari na alienda kujionea, akarudi na mashaka. Miezi michache baadaye wagonjwa walikuwa wanazidiwa na wengine wanakufa. Haikuponya. Iligundulika inafaa kupima nani ana maambukizi, na ndivyo inavyotumika hadi leo kwenye kipimo cha kudunga ngozi ya mkono. Yule mtu aliyengoja panya ishirini kabla ya kuandika barua moja, hapa hakungoja. Magazeti yalipata pia udaku: mwaka wa 1893 alitalakiana na Emmy na kumuoa Hedwig Freiberg, msichana mdogo kwake kwa karibu miaka 30.

Kuanzia hapo alikuwa safarini, na safari nyingi zilimleta upande wetu. Mwaka wa 1896 alikuwa Kimberley, Afrika Kusini, akipambana na sotoka, tauni iliyokuwa imemaliza ng'ombe wa Wamaasai kabla ya kufika huko. Mwaka wa 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akitazama malaria na homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, ambayo kwanza aliichanganya na ugonjwa wa Texas. Alirudi Afrika Mashariki akachunguza papasi wanaoleta homa inayoondoka na kurudi. Mwaka wa 1905 alipata tuzo ya Nobel kwa kazi ya TB.

Safari ya mwisho kubwa ilikuwa 1906 hadi 1907, Ziwa Victoria. Malale ilikuwa imeua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda katika miaka michache. Koch alipiga kambi visiwa vya Ssese, na wagonjwa walikuja kwa mamia, wengine wakibebwa na ndugu zao. Aliwadunga dawa yenye aseniki inayoitwa Atoksili. Mwanzoni walionekana kupata nafuu na akaamini ameishika. Ugonjwa uliporudi, aliongeza kipimo. Ndipo baadhi ya wagonjwa wakaanza kupofuka, na macho yao hayakurudi. Alipunguza kipimo, lakini aliendelea kuitetea dawa, na akapendekeza kwa serikali ya Ujerumani kwamba wagonjwa wa malale watengwe kwenye kambi. Kwenye koloni za Wajerumani kambi hizo zilijengwa. Wagonjwa wa Ssese hawakuwa na Cohn wa kumwandikia barua.

Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamewekwa kwenye chumba maalum ndani ya taasisi yake Berlin, ile inayobeba jina lake. Wakati huo Waingereza walikuwa wanawahamisha watu wa Ssese kwa lazima kutoka visiwani ili kuwaepusha na mbung'o, na nyumba zao zikabaki msitu kwa miaka mingi kabla ya waliobaki kuruhusiwa kurudi.